Kuvuka Milima ya Allegheny kwa Mwinuko wa Treni

Treni haiwezi mlima mkali. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo mhandisi anayepitisha reli milimani hulazimika kuchonga ubavu wa mlima, kujaza mabonde udongo, kutoboa mahandaki na kuzungusha njia kona baada ya kona, mradi mwinuko usizidi mita moja au mbili kwa kila mita mia. Jasho hilo lote lilimwagika kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma. Reli ziling'olewa zamani, lakini ule mwinuko wa polepole umebaki pale pale, na ndio ulioniwezesha mimi, mtu wa kazi ya kuinama na kuinua wazee majumbani mwao, kuvuka safu ya milima kwa baiskeli nikifika upande wa pili nikiwa na nguvu za kupika chakula cha jioni.

Njia yenyewe inaitwa Great Allegheny Passage. Inaanzia katikati ya Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania huku Marekani, pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuwa mto Ohio, na inaishia Cumberland katika jimbo la Maryland, mwendo wa kilomita 240 hivi. Magari hayaruhusiwi. Sehemu kubwa imetandikwa changarawe laini ya mawe ya chokaa iliyoshindiliwa vizuri. Mwenye pumzi ya ziada anaweza kuunganisha pale Cumberland na njia ya kando ya mfereji wa zamani wa C&O (Chesapeake na Ohio), walimokuwa wakipita nyumbu, wale machotara wa punda na farasi, wakivuta mashua, akaenda kilomita nyingine karibu 300 mpaka Washington.

Nilianza kwa miguu, wala sikuwa na baiskeli. Nakushauri nawe uanze hivyo, kwa sababu kwa miguu unaona mambo ambayo mwendesha baiskeli anayapita. Kipande changu cha kwanza kilikuwa kile cha kandokando ya mto Youghiogheny, kati ya McKeesport na West Newton. Hapo kuna mahali maji yanashuka kutoka kilimani yakiwa mekundu, na mwamba wote umevaa rangi ya kutu. Ni maji yanayotoka kwenye migodi ya makaa iliyokwisha kuachwa. Yanapita chini ya ardhi, yanayeyusha chuma kilichomo kwenye mawe, na yakikutana na hewa yanageuka rangi. Mgodi umefungwa, wachimbaji wameshazikwa, kampuni haipo, na maji bado yanatoka. Nilisimama pale muda mrefu. Hayana harufu kali kama nilivyotarajia. Ukiinama unasikia tu ubaridi wa chuma.

Mbele zaidi, baada ya Smithton ukielekea Connellsville, unafika Van Meter. Tarehe 19 Desemba 1907 mgodi wa Darr ulilipuka hapo na kuua watu 239, wanaume na wavulana, wengi wao wahamiaji waliotoka Ulaya ya Kati na ya Mashariki kutafuta riziki. Kibao cha kumbukumbu kiko karibu na njia. Mimi pia ni mhamiaji niliyekuja kutafuta riziki, kwa hiyo siwezi kupita pale bila kushuka. Wengi hupita kasi, macho mtoni. Sipendi hivyo. Njia hii ipo kwa sababu makaa yalichimbwa, na makaa yalichimbwa na watu wale.

Swali nililoulizwa na kila jamaa niliyempelekea picha ni moja: reli nzima iliachwaje? Jibu ni kwamba zilikuwa nyingi mno. Katika bonde moja hilo hilo kampuni mbili zilijenga reli mbili, kila moja ukingo wake wa mto. Western Maryland ilikamilisha yake mwaka 1912, ikishindana na B&O (Baltimore na Ohio) iliyokuwa imetangulia. Baadaye kampuni hizo zikaja kuwa chini ya mmiliki mmoja, naye hakuona sababu ya kulisha reli mbili zinazokwenda mahali pamoja. Mwaka 1975 ile ya Western Maryland ikafungwa. Ile nyingine ingali hai, sasa chini ya kampuni ya reli ya CSX, na ukiwa kwenye baiskeli unasikia treni ya mizigo ikinguruma ng'ambo ya mto.

Kipande cha kwanza kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986. Cha mwisho, karibu na Pittsburgh, kilikamilika 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 27, kipande kwa kipande, daraja kwa daraja, huku vikundi vya wenyeji wa kujitolea vikikata miti, vikiomba fedha, vikibishana na wenye mashamba. Mwaka 1995 vikundi hivyo viliungana kuwa muungano mmoja ili visivutane. Uvumilivu wa namna hiyo nauheshimu sana, maana wengi waliokuwa kwenye mikutano ya mwanzo walijua wazi kwamba huenda wasiione njia ikiisha.

Aliyenifundisha kuisoma njia hii ni baba mdogo. Alikuja kututembelea kutoka Dodoma baada ya kustaafu, na maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye magenge ya kutengeneza njia ya Reli ya Kati. Nilipomwambia kuna mahali Wamarekani wanaendesha baiskeli juu ya tuta la reli, hakuuliza kama ni mbali. Aliuliza tutaondoka lini. Baiskeli aliizoea tangu ujana, ile Phoenix ya kubebea madumu ya maji, kwa hiyo hofu yangu juu ya umri wake aliifuta siku ya kwanza.

Tuliondokea Meyersdale, mji mdogo ambao stesheni yake ya 1912 imetunzwa na sasa ni makumbusho na mahali pa kupokea wageni. Kabla ya kuelekea Cumberland tulirudi nyuma kilomita chache kuliona daraja refu la Salisbury, mita 582 za chuma juu ya bonde la mto Casselman, urefu wa ghorofa kumi hivi kutoka chini. Treni ya mizigo ikapita chini yetu. Baba mdogo akashika ukingo akaanza kuhesabu mabehewa, akaacha yalipomzidi.

Tulipoanza safari yenyewe nilimwona anabaki nyuma mara kwa mara. Nikarudi.

“Baba mdogo, umechoka? Tupumzike?”

“Sijachoka, mwanangu. Naangalia maji yanakopita.”

Alikuwa amechuchumaa kando ya kalvati la mawe lililopita chini ya tuta. Mawe yamechongwa na kupangwa upinde, na chemchemi ndogo inapita ndani yake. Akapitisha kiganja kwenye maungio ya mawe, akanionyesha vidole vyake: vikavu. Akaniambia mzigo wa treni hauwasumbui watu wa genge kama maji yanavyowasumbua. Tuta likilowa, kokoto zinazama, taruma linalobeba reli linacheza, reli inapinda. Ndiyo maana kila upande wa njia kuna mtaro, na kila penye kijito kuna kalvati, hata kama kijito ni cha msimu. Nilikuwa nimeshapita juu ya makalvati kama hayo bila kujua kwamba yapo. Kumbe changarawe ninayoisifu kuwa kavu siku moja tu baada ya mvua ni kavu kwa sababu ya mafundi wale wa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Kisha akanifundisha jambo ambalo natumia mpaka leo. Alisema, “Tunapanda.” Mimi nikaona tambarare tupu. Msituni, penye miti pande zote, jicho halina cha kulinganishia. Akanionyesha mtaro: maji yalikuwa yanatujia. Ukitaka kujua njia inapanda au inashuka, tazama mtaro.

Hilo si jambo dogo kwa mwendesha baiskeli. Watu wengi huchoka kwenye njia ya reli ya zamani bila kujua sababu. Wanaona mbele ni sawa, mwendo unapungua, wanadhani tairi limepungua upepo au mwili umedhoofika, wanasukuma kwa nguvu zaidi, na baada ya saa mbili wameisha. Kumbe wanapanda, na watapanda hivyo hivyo kilomita kwa kilomita, maana treni haipandi kwa ghafla ikapumzika. Inapanda moja kwa moja. Dawa ni kukubali mwendo. Shusha gia moja kabla hujahitaji, kaa hapo, na jipime kwa mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, unaweza kuendelea hivyo mchana kutwa.

Upande utakaoanzia nao una maana yake. Kilele cha njia kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari, kilomita 38 hivi kabla ya Cumberland. Ukianzia Pittsburgh, unapanda kiasi cha mita 510 zikiwa zimegawanywa kwenye kilomita 200 na ushei, miguu haishtuki. Ukianzia Cumberland, unapanda mita 545 ndani ya hizo kilomita 38, bila pumziko la maana. Wapo wanaopenda kumaliza shida mapema. Mimi mgeni yeyote nampeleka kwa upande wa Pittsburgh au Meyersdale, apande kidogo kidogo, kisha azawadiwe mteremko.

Pale kileleni ndipo maji yanapoachana. Mvua inayonyesha upande mmoja inakwenda Ohio, Mississippi na mwishowe Ghuba ya Meksiko. Ya upande wa pili inashuka mto Potomac hadi ghuba ya Chesapeake na Atlantiki. Baba mdogo aliitazama michoro ya ukutani inayoonyesha mwinuko wa njia nzima, akakumbuka mlima wa Saranda, ambako Reli ya Kati inaacha bonde la Bahi na kupanda kuelekea Manyoni. Akanisimulia jinsi genge lao lilivyokuwa likiamka alfajiri kukagua kipande kile kabla treni ya abiria haijapita, wakigonga mataruma ya chuma kusikia yaliyolegea. Nilimjua tangu utoto wangu na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Barabara hizi zisizo na magari zina faida hiyo: mnakwenda sambamba, hakuna honi wala vumbi, na mtu mzima anapata nafasi ya kuzungumza.

Baada ya kilele linakuja handaki la Big Savage. Lina urefu wa mita 1,000 hivi na taa ndani, lakini vaa koti kabla hujaingia, hata kama ni Julai. Baridi inakupiga kifuani ghafla, maji yanadondoka kutoka darini, na sauti ya tairi inaongezeka mpaka unadhani kuna watu nyuma yako. Taa yako mwenyewe washa pia, ili anayekuja mbele akuone. Ukitokea upande wa pili, bonde lote la Maryland linafunguka mbele yako, safu baada ya safu ya vilima. Hapo hata mwenye haraka hushuka.

Mteremko mfupi kutoka hapo njia inakata mstari wa Mason na Dixon. Ni mpaka wa Pennsylvania na Maryland, uliopimwa kati ya 1763 na 1767 na Charles Mason na Jeremiah Dixon kumaliza ugomvi wa familia mbili zilizotawala makoloni hayo. Baadaye ukawa na maana nzito zaidi. Pennsylvania ilipitisha sheria ya kuondoa utumwa hatua kwa hatua mwaka 1780. Maryland iliendelea nao mpaka 1864. Nilimweleza baba mdogo hivyo tukiwa tumesimama kwenye mawe yaliyochorwa jina la mpaka. Akatazama upande mmoja, akatazama wa pili. Miti ni ile ile, udongo ni ule ule.

“Kwa hiyo huku ni mtu, na hapo hatua mbili ni mali?”

Nikamwambia ndiyo, na kwamba hata waliovuka hawakuwa salama, maana sheria ya shirikisho ya 1850 iliruhusu kuwafuata na kuwarudisha. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniomba nimpige picha akiwa mguu mmoja huku na mwingine kule, na picha hiyo iko kwenye ukuta wa nyumba yake Dodoma. Sijui kumpa mgeni wa Kiafrika katika nchi hii somo la historia litakalomwingia kuliko kumfikisha pale kwa miguu yake.

Kutoka hapo hadi Cumberland ni kushuka. Hupigi pedeli, unashika breki. Kagua breki zako kabla ya safari, na zitumie kwa kubana na kuachia badala ya kuzikumbatia muda wote. Kipande cha kati ya Frostburg na Cumberland kinakwenda bega kwa bega na reli hai ya treni ya watalii, na baba mdogo alikuwa akisimama kukagua mataruma yao ya mbao kwa jicho la mwenye kazi.

Mengine nitayasema haraka. Tairi pana kidogo ni bora kuliko zile nyembamba za mashindano; changarawe ikilowa inashika. Beba maji zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kati ya mji na mji kuna misitu mirefu, na simu katika baadhi ya mabonde haishiki mtandao, hivyo mwambie mtu ratiba yako kabla ya kuondoka. Beba tyubu ya ziada na pampu. Jioni kagua ngozi, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele: kupe wa Pennsylvania hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukitaka kumpita mtu, piga kengele na umwambie unapita kushoto kwake. Ukiona watoto au mbwa, punguza kabisa. Msimu wa uwindaji vaa nguo ya rangi ya chungwa. Chakula nunua katika miji midogo ya njiani hata kama umebeba chako, kwa kuwa miji hiyo, iliyokufa migodi ilipofungwa, sasa inaishi kwa sehemu kwa ajili ya wapita njia.

Kuna wazo linalonisumbua tangu safari ile. Marekani ina sheria, tangu 1983, inayoruhusu reli iliyoacha kutumika ihifadhiwe kama njia ya watu, ardhi ikibaki kipande kimoja ili siku moja treni ikihitajika irudi. Tanzania tulikuwa na reli ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikafika Nachingwea na kuunganishwa na bandari ya Mtwara. Mradi ulianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Baba mdogo aliwahi kufanya kazi na mzee mmoja aliyetokea huko. Ninaamini tuta la reli ni mali ya umma ya thamani kubwa hata bila reli: limeshapimwa, limeshasawazishwa, limeshapewa mitaro na makalvati, na linamfaa mama mwenye mzigo kichwani, mwanafunzi mwenye baiskeli na mgonjwa anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Likikatwa vipande na kujengwa, haliunganishiki tena. Kila ninaposikia reli fulani kwetu inafungwa, hilo ndilo ninalotamani liulizwe kwanza: tuta litakuwa la nani?

Kwa Waswahili wenzangu mnaoishi Pittsburgh na miji ya jirani, na mko wengi siku hizi, kuanzia waliotoka Kongo hadi Wabantu wa Somalia: mwenye siku moja tu aende Ohiopyle, atazame maporomoko, kisha atembee au aendeshe kuelekea Confluence. Ni kama kilomita 16, mto uko pembeni karibu muda wote, na mwinuko hata bibi hatauhisi. Wachukueni wazee, wao ndio waliozoea kutembea, na hapa nchini ndio wanaokaa ndani zaidi ya wote. Mwenye siku mbili au tatu apange Meyersdale hadi Cumberland, lakini apange mapema, maana milango ya handaki la Big Savage hufungwa kuanzia Desemba kuzuia barafu isipasue kuta, na haifunguliwi mpaka Aprili.